Pesa ya bibi: maoni ya mtu aliyepokea

Kila tarehe tano ya mwezi bibi yangu aliamka jogoo wa kwanza. Aliota moto kidogo, akachemsha maji, akaoga, akajipaka mafuta miguuni hadi magotini, kisha akavaa gauni lake la kanisani na kitenge juu yake. Kadi yake ya malipo ilikaa ndani ya Biblia, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni ili isinyeshewe. Tulitembea mimi na yeye karibu saa moja na nusu mpaka stoo ya chama cha msingi cha ushirika, pale kahawa inapopimwa msimu wake ukifika. Barazani kuliwekwa meza, wahudumu wawili, daftari kubwa na kidau cha wino. Bibi aliweka dole gumba, akahesabiwa noti, naye akazihesabu upya pasipo haraka, huku walio nyuma yake wakingoja bila mtu kuguna. Kwa miaka mingi kabla ya hapo sikuwahi kumwona mtu yeyote akimsubiri bibi yangu.

Huduma ninayoitolea maoni ndiyo hiyo: pensheni ya kila mwezi kwa wazee wanaolea wajukuu walioachwa na UKIMWI, vijijini wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Jina la mradi wetu siliandiki, kwa kuwa nina sifa za kuutolea na malalamiko pia, na baadhi ya wahusika bado wako kazini. Anayetaka kujua kazi ya namna hii kwa jina, asome habari za shirika la Kwa Wazee la Nshamba, wilaya hiyohiyo, lililoanza mwaka 2003. Naandika kwa sababu tangu nifungue kibanda changu cha ushonaji Bukoba mjini, watu wenye nia njema hawaachi kuniuliza. Hivi karibuni wameuliza wawili, kaka mmoja wa Dar es Salaam na dada aliyeolewa Ujerumani, na swali lao lilikuwa moja: tukitaka kusaidia yatima kijijini, tununue mabegi na sare au tuchangie kituo cha kulelea watoto? Mimi nilipokea karibu kila aina ya msaada uliofika kwetu. Wafadhili huandika ripoti zao, wataalamu nao huandika zao. Haya ni maoni ya mtoto aliyekuwa upande wa kupokea.

Asiyekulia kwetu aelewe kwanza hali ilivyokuwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, miaka michache tu baada ya vita na Idi Amin. Wakati huo biashara ya magendo mpakani na Uganda ilikuwa imeshamiri, na miongoni mwa bidhaa zilizovuka kulikuwa na nguo zilizoitwa Juliana. Ugonjwa ulipoanza kuwamaliza vijana wafanyabiashara, watu wakaupa jina la nguo hiyo. Baba alifariki 1994. Mama alifariki 1997, mwaka mmoja baada ya MV Bukoba kuzama. Kwetu watu bado wanahesabu miaka kwa meli ile. Mimi nilikuwa na miaka saba, kaka yangu kumi, mdogo wetu miwili. Tukabaki na bibi mzaa baba, mjane, katika kibanja, yaani shamba la nyumbani, cha migomba na mibuni iliyozeeka pamoja naye.

Nianze na mabegi, maana ndiyo watu wanayoyaulizia zaidi.

Yalikuja mwaka 2000, kwa gari jeupe, shuleni. Mwalimu alisimama paredi akasema yatima wote wabaki, wengine waingie madarasani. Tukabaki tukiwa mstari mmoja, na shule nzima ikageuka kututazama. Kila mmoja alipewa begi la bluu lenye maandishi makubwa mgongoni: MSAADA KWA YATIMA. Ndani mlikuwa na madaftari sita, kalamu, sweta na sketi au kaptula. Tulifurahi, sitaficha hilo. Sikuwahi kumiliki begi. Lakini kabla ya wiki kwisha tulikuwa na jina jipya, watoto wa Juliana, na begi ndilo lililotutambulisha hata kwa watoto wa vijiji vya mbali ambao hawakujua lolote juu ya wazazi wetu. Kaka alilitoa lake maandishi kwa kusugua na mchanga mtoni mpaka kitambaa kikatoboka. Bibi alimchapa kwanza, halafu alipoelezwa sababu akanyamaza, na jioni ile akachukua la kwangu akaligeuza ndani nje, akalishona upya kwa sindano ya mkono.

Sasa niseme kama fundi. Sketi ile ilikatwa bila upindo. Mtoto wa shule anarefuka kila muhula, na fundi yeyote wa kijijini humwachia vidole vinne chini ili mama au bibi afumue kadiri anavyokua. Ile ilipindwa nusu inchi, ikawa fupi kabla ya mwaka kwisha, na nguo bado nzima. Mikanda ya begi ilishikwa kwa mshono mmoja pale mabegani, mahali ambapo uzito wote unaangukia; palitaka mishono minne na msalaba katikati. Ilikatika mwezi wa sita. Sweta zilipangwa kwa umri, na mtoto aliyekosa chakula miaka miwili halingani na umri wake, hivyo yangu ilinifika magotini. Fedha iliyonunua vitu vile mbali na kuvisafirisha ingeweza kuwapa kazi mafundi watatu wa sokoni kwetu, waliotujua vimo vyetu kwa macho tu.

Mbuzi wa maziwa nitamtaja kwa kifupi. Alikuja kwa utaratibu wa kopa mbuzi lipa mbuzi: ukizalisha jike, unampitisha kwa kaya inayofuata. Maziwa yalimsaidia sana mdogo wetu. Ila mbuzi yule alizaa dume, akazaa tena dume, na mwenye zamu ya kupokea akaanza kumwangalia bibi kama mdeni mkaidi. Mpango wenyewe ni mzuri kwa kaya yenye mtu wa kukata majani kila siku. Kwetu mkataji alikuwa kaka, na siku za majani zilikuwa siku za kukosa shule.

Kituo nacho kilitufikia. Waliokuja walikuwa watu wema, wapole, na walitaka kumchukua mdogo wetu akaishi mjini, ale vizuri, asome. Bibi aliwapa kahawa za kutafuna kama inavyompasa mgeni, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa Kihaya kwamba mtoto huyu ana kibanja. Walidhani mzee hajaelewa swali. Alikuwa ameelewa kabisa. Mtoto anayekulia mbali hajui mpaka wa shamba la baba yake unaishia kwenye mti gani, hajui makaburi yako wapi, na akirudi ana miaka kumi na minane anaulizwa wewe ni nani. Sisemi vituo vyote vifungwe. Wapo watoto wasio na bibi wala shangazi. Sisi tulikuwa na bibi. Alichokosa bibi ni chumvi.

Pensheni ilianza kwetu 2004. Kabla ya kumwandikisha, mhudumu alikuja nyumbani mara mbili, akakaa mkekani, akahesabu wajukuu, akaangalia paa na jiko. Umri wa bibi ulileta shida kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Ikabidi itafutwe kadi ya ubatizo, na ilipoonekana imeliwa na mchwa wakakubali ushahidi wa wazee wenzake kwamba aliolewa kabla ya Uhuru. Kiwango kilikuwa shilingi 6,000 kwa mzee na 3,000 kwa kila mjukuu, jumla 15,000 kwa mwezi. Mhudumu aliondoka bila kumwambia anunue nini. Hilo nalitaja kwa makusudi. Misaada yote mingine ilikuja na maelekezo.

Mwezi wa kwanza alinunua chumvi, mche mzima wa sabuni, mafuta ya taa na dagaa. Sabuni ndiyo ninayoikumbuka kwa mwili wangu. Mtoto asiye na sabuni hukaa dawati la nyuma, na hakuna anayemwambia kwa nini. Mwezi wa pili alininunulia kandambili, na kaka kitabu cha hisabati kilichotumika. Mwezi wa tatu alifanya jambo ambalo lilinichukiza sana nikiwa na miaka kumi na minne: alilipa ada yake ya nyuma katika chama cha kuzikana cha kijiji, fedha nyingi kwa hesabu yetu, na wiki ile tulikula ndizi bila mboga. Nikamwambia, "Bibi, wafu wanatusaidia nini?" Hakunijibu.

Nilikuja kuelewa kidogo kidogo. Kwetu mtu asiyechangia msiba hahesabiki. Alipozika watoto wake wawili, bibi alikuwa amekwisha tolewa chamani kwa kushindwa kulipa, na kaburi la mama lilichimbwa na watu wanne tu, wawili wao wakilipwa pombe. Aliporudi chamani, wanawake wakaanza kupita kwetu jioni. Mmoja akaleta mbegu za maharage. Mwingine akamwambia mwanawe aje atusaidie kupunguza machipukizi ya migomba, naye bibi akamlipa kijana kibarua cha kuleta nyasi za kufunika shamba kutoka rweya, yaani uwanda wa nyasi nje ya kijiji, kazi ambayo mgongo wake haukuiweza tena. Kibanja kikarudisha nguvu. Hata ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia wilayani mwetu mwaka 2006, na tukalazimika kukata na kufukia mashina mengi, majirani ndio waliotupa ndizi za kula. Ukisoma matumizi ya bibi kwenye karatasi utaona "msiba" na utadhani ni upotevu. Kwetu zile ndizi za mwaka 2006 zilianzia kwenye ada ile ya chama.

Mdogo wetu alipimwa 2005, akiwa na miaka kumi, mwili umejaa vipele. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeanza kutolewa bure nchini mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Dawa bure, ndiyo, lakini kliniki ya CTC, ile ya matunzo na tiba kwa wenye virusi, ilikuwa mbali, nauli ya Hiace ni ya watu wawili kwenda na kurudi, na vidonge vile juu ya tumbo tupu vilimfanya atapike. Bibi alitenga nauli kwanza kila tarehe tano, akaifunga kwenye ncha ya leso, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuifungua hata kwa shida ya namna gani. Kila asubuhi alimpikia uji kabla ya kumeza. Mdogo wangu leo ana miaka thelathini, ana mke, ana mtoto aliyezaliwa bila virusi. Ameniruhusu kuandika haya. Watu wakiniuliza pesa za kupewa mkononi zinafanya nini, mimi huifikiria ile ncha ya leso.

Jambo moja sikulitarajia kwenye huduma ya fedha. Siku za malipo, kwa kuwa wazee walikuwa wamekusanyika, alikuja mama mmoja msaidizi wa kisheria akakaa benchi la pembeni na yeyote mwenye swali akamfuata. Baba yetu mkubwa alikuwa ameanza kusema kibanja ni cha ukoo, bibi ni mjane tu aliyehifadhiwa, na watoto watapangiwa. Mama yule alimsimulia bibi habari za Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa baba yake akaliuza. Mtu wa ukoo wake akaenda mahakamani kupinga, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza akaamua kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi hiyo. Bibi aliomba arudiwe mara mbili. Mwezi uliofuata wakaandika wosia mbele ya mashahidi, mipaka yote ikatajwa mti kwa mti, na nakala ikapelekwa ofisi ya kijiji. Baba mkubwa hakuongea nasi kwa miaka mitatu. Kibanja bado ni chetu.

Malalamiko yangu ni mazito, na nayaandika kwa sababu yanarekebishika.

La kwanza ni kuchelewa. Mvua za masika zikiharibu barabara, tarehe tano iligeuka ishirini, na mwaka mmoja miezi miwili ilipita kavu, ikalipwa kwa pamoja baadaye. Kwenye vitabu vyao hesabu ilikuwa sawa. Kwetu bibi alikuwa ameshakopa dukani kwa riba na kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kile tunachokiita butura, kwa bei ya kutupa. Thamani yote ya fedha ile ilikuwa kwenye kujulikana kwa tarehe yake. Siku hizi malipo ya simu yapo hadi vijijini, sioni sababu ya mzee kungoja gari.

La pili ni mstari wa miaka kumi na minane. Mwezi kaka alipofikisha umri huo, 3,000 zake zilikatwa. Kwenye fomu alikuwa mtu mzima. Nyumbani alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili, kwa sababu alichelewa kuanza shule akimuuguza mama. Watoto waliouguza wazazi karibu wote wako nyuma ya umri wao darasani. Anayetunga kanuni ya yatima wa UKIMWI alipaswa kulijua hilo kabla ya lolote. Wakati ule sekondari ya serikali ya kutwa ilikuwa na ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka, ikifuatwa na michango ya dawati, mlinzi na maabara. Kaka aliacha shule akaenda kuvua dagaa visiwani. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa 2016, na siku niliyosikia tangazo lile redioni nilimfikiria yeye. Ni mvuvi mzuri, ana familia, lakini hisabati alikuwa ananizidi mara kumi.

La tatu linamhusu bibi jirani. Alilea wajukuu wawili katika hali kama yetu au mbaya zaidi, akakataliwa kwa kuwa mwanawe mmoja alikuwa hai Dar es Salaam. Mwana huyo hakutuma hata kilo ya sukari. Kila tarehe tano bibi yangu alipita kwake njiani akirudi na kumwachia sabuni nusu mche, na hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Zanzibar walilitatua hili kwa njia nyoofu: tangu 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi akaanza kupata pensheni, mwanzoni shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa mwanao yuko wapi. Huku Bara mzee maskini hutegemea kaya yake itambuliwe na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, la sivyo angojee mradi kama wetu umfikie.

Bibi alifariki 2013. Chama cha kuzikana kilimzika vizuri, watu walikuwa wengi kiasi kwamba maturubai hayakutosha, na wahudumu wawili wa mradi walikuja wakakaa chini na wenyeji.

Basi kaka wa Dar nilimjibu hivi. Mabegi asinunue. Akitaka lazima kununua sare, atume fedha kwa fundi wa palepale na aagize upindo wa vidole vinne. Kituo asichangie kabla hajauliza watoto wale wana bibi wangapi. Nikampa habari za bibi mmoja wa kijiji cha jirani anayelea wajukuu wanne, kwa idhini yake, nikamwambia: chagua kiasi usichoweza kushindwa, hata kama ni kidogo, mtumie kwenye simu tarehe ileile kila mwezi, usimpangie cha kununua, na usiache mtoto anapotimiza kumi na minane kama bado yuko darasani. Dada wa Ujerumani aliniuliza atajuaje fedha imetumika vizuri. Nilimwambia aje akae siku tatu, ale anachokula bibi, na aangalie watoto wanavyoondoka asubuhi kwenda shule. Anakuja mwezi wa kumi na moja, wakati wa senene.

Kaka wa Dar sasa yuko mwezi wa tatu tangu aanze kutuma. Mwezi uliopita alichelewa siku nne, na bibi yule akanipigia mimi. Hakuomba fedha. Aliuliza tu kama yule kijana ni mzima.